Kutenganisha Vitu kwa Kuvizungusha: Maziwa, Tui na Utomvu wa Mpira katika Mkoa wa Tanga

Mfugaji wa Muheza au wa Pongwe akamuaye ng'ombe wake jioni huanzisha mashindano ambayo yeye mwenyewe hayaoni. Ndani ya ndoo yake mna mafuta, ambayo ni mepesi kuliko sehemu nyingine za maziwa, na kwa hiyo hupanda juu polepole na kufanya malai. Ndani ya ndoo hiyo hiyo mna bakteria, na katika joto la pwani, ambalo hata usiku mara nyingi haliteremki chini ya nyuzi 20 za Sentigredi, bakteria hao huongezeka maradufu kwa muda mfupi sana. Mafuta yakishinda, mfugaji atapata malai, siagi na samli, na juu ya hayo atabaki na maziwa mazima ya kunywa. Bakteria wakishinda, atabaki na maziwa yaliyochacha, ambayo kituo cha kukusanyia maziwa hakiyapokei. Katika nchi za baridi mafuta yalishinda kwa karne nyingi bila ya msaada wa mashine yoyote. Katika pwani ya Tanga, kwa kawaida hayashindi.

Wazee waliufahamu ukweli huu kabla ya sayansi ya viwanda kufika. Hawakupoteza wakati kungojea malai. Waliyaacha maziwa yagande, kisha wakayasukasuka kibuyuni hadi siagi ikajitenga. Njia hiyo ni ya busara, lakini ina gharama zake: maziwa yote lazima yachache kwanza, na sehemu ya mafuta hubaki ndani ya mtindi. Makala haya yanaeleza njia nyingine, yaani ile ya kuyazungusha maziwa kwa kasi kubwa katika mashine iitwayo sentrifuji, na yanaonyesha kwa nini kanuni ile ile inagusa pia nazi, mpira, sukari na hata damu ya mtoto mgonjwa.

Kanuni ya kungoja

Kila kitu kina wiani wake, yaani tungamo lililomo katika ujazo fulani wa kitu hicho. Lita moja ya maji ina kilo 1. Lita moja ya mafuta ya maziwa ina kilo 0.93 hivi, na lita moja ya maziwa yaliyoondolewa mafuta ina kilo 1.03 au zaidi kidogo. Tofauti hiyo ya takriban gramu 100 kwa kila lita ndiyo inayoyasukuma mafuta juu. Ni tofauti ndogo, na mafuta yenyewe hayakukaa pamoja kama mafuta ya taa juu ya maji. Yamegawanyika katika vitone visivyohesabika, vyenye kipenyo cha mikromita 1 hadi 10. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Mwaka 1851 mwanafizikia George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Cambridge, alionyesha jinsi ya kukadiria mwendo wa chembe ndogo inayozama au kupanda ndani ya kiowevu. Kwa maneno ya kawaida, mwendo huo hutegemea mambo manne. La kwanza ni kipenyo cha chembe, na hapa msomaji aangalie vizuri: kipenyo kikizidi mara mbili, mwendo huzidi mara nne, kikizidi mara kumi, mwendo huzidi mara mia. La pili ni tofauti ya wiani kati ya chembe na kiowevu. La tatu ni mnato wa kiowevu; asali huzuia mwendo kuliko maji. La nne ni mvutano wa dunia.

Tuchukue kitone cha mafuta chenye kipenyo cha mikromita 4. Hesabu ya Stokes inaonyesha kwamba kitone hicho hupanda kwa milimita 2 hivi kwa saa. Ndoo yenye kina cha sentimita 20 ingehitaji saa 100, yaani siku nne na zaidi, ili kitone kilicho chini kifike juu. Maziwa ya Tanga hayawezi kungoja siku nne. Yakiachwa bila ya kupozwa, mengi hayafiki hata asubuhi ya pili.

Hapa msomaji aliyewahi kuweka maziwa mabichi katika jokofu atakuwa na swali la haki: mbona malai huonekana baada ya usiku mmoja tu? Jibu lake lina mafunzo. Katika baridi, baadhi ya protini za maziwa ya ng'ombe hufanya kazi kama gundi. Huvishikamanisha vitone vya mafuta mpaka vikawa mafungu makubwa. Kipenyo cha fungu kikiwa mara kumi ya kipenyo cha kitone, fungu hilo hupanda upesi sana kuliko kitone kimoja kimoja. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya ya Kaskazini waliweka maziwa yao katika vyumba vya baridi na kuyaengua siku ya pili. Katika joto la pwani yetu gundi hiyo haifanyi kazi ipasavyo. Kwa hiyo mfugaji wa Tanga hupata hasara mara mbili: joto huwaharakisha bakteria, na joto hilo hilo huyachelewesha mafuta.

Kutengeneza uzito

Katika mambo manne ya Stokes, fundi anaweza kubadili lipi? Wiani wa mafuta hauwezi kuubadili. Kipenyo anaweza kukikuza kwa baridi, lakini baridi ni umeme, na umeme ni fedha. Mnato anaweza kuupunguza kwa kuyapasha maziwa moto. Hilo husaidia, ila peke yake halitoshi. Limebaki jambo la nne, nalo kwa mtazamo wa kwanza ni gumu kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyepewa uwezo wa kuongeza mvutano wa dunia.

Lakini kuna njia ya kupata kitu kinachofanana nao. Abiria wa basi linalopanda milima kutoka Mombo kwenda Lushoto huijua vizuri. Basi likikata kona kwa kasi, abiria husukumwa upande wa nje wa kona. Kwa hakika hakuna anayemsukuma. Mwili wake unataka kuendelea mbele kwa mstari ulionyooka, na basi ndilo linalogeuka. Lakini kwa aliye ndani ya basi, hali ni kama kwamba uzito mpya umezaliwa na unamvuta pembeni.

Ndani ya basi hilo hilo alazwe mtoto wa pili wa somo hili: chupa ya maji iliyofungwa, iliyobakiza kiputo kimoja cha hewa. Abiria wanapoelemea nje ya kona, kiputo hukimbilia ndani ya kona. Wengi hushangaa wakiona hivyo. Sababu yake ni kwamba maji, yakiwa na wiani mkubwa, hugombea nafasi ya nje na kukisukuma kiputo chepesi kwenda ndani, kama vile maji yanavyokisukuma kiputo juu wakati chupa imesimama. Kitu chenye wiani mkubwa huenda nje, kitu chenye wiani mdogo hurudi katikati. Sentrifuji haina siri nyingine zaidi ya hiyo.

Ukubwa wa uzito huu mpya unahesabika kwa urahisi. Tuseme bakuli la chuma lenye nusukipenyo cha sentimita 10 linazunguka mara 6,000 kwa dakika, ambayo ni mara 100 kwa sekunde. Zidisha 100 kwa 6.28, utapata 628. Zidisha 628 kwa 628, kisha uzidishe kwa mita 0.1. Jibu ni karibu 39,400. Mvutano wa dunia kwa kipimo hicho ni 9.8. Kwa hiyo kila kitu kilicho ukingoni mwa bakuli hilo huwa kama kina uzito mara 4,000 ya uzito wake wa kawaida, na kitone cha mafuta kilichokuwa kikienda milimita 2 kwa saa sasa huenda zaidi ya milimita 2 kwa sekunde. Kazi ya siku nne inakuwa kazi ya dakika moja na nusu.

Mashine ya de Laval

Sentrifuji za kwanza za maziwa zilikuwa vyombo vilivyojazwa, vikazungushwa, vikasimamishwa, na malai yakaenguliwa kwa mkono. Mwaka 1878 mhandisi wa Uswidi, Gustaf de Laval, alitoa mashine ambayo haikuhitaji kusimamishwa: maziwa yaliingia kwa mfululizo katikati, na malai na maziwa yasiyo na mafuta yakatoka kila moja kwa mlango wake. Miaka kumi baadaye Mjerumani Clemens von Bechtolsheim alibuni kitu ambacho kwa hakika ndicho kilichoifanya mashine hiyo iwe kama ilivyo hadi leo. Alijaza bakuli sahani nyembamba za chuma zenye umbo la pia, zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikiachiana nafasi ndogo sana, nusu milimita au hata pungufu.

Faida ya sahani hizo inaeleweka mara moja kwa mtu aliyekwisha kufahamu mwendo wa kitone. Badala ya kusafiri sentimita kadhaa kuvuka bakuli zima, kitone husafiri sehemu ya milimita tu, kikagota uso wa sahani, kikaungana na wenzake na kuteleza kuelekea katikati. Dakika moja na nusu inapungua na kuwa chini ya sekunde moja. Bakuli linaloweza kubebwa kwa mikono miwili linapitisha mamia ya lita kwa saa.

Mbali na malai na maziwa yaliyoondolewa mafuta, mashine hutoa kitu cha tatu ambacho wanunuzi wa maziwa hawakipendi kukiona. Ukingoni kabisa mwa bakuli hubaki tope zito la rangi ya kijivu: vumbi la zizi, nywele, na seli zilizotoka katika kiwele cha ng'ombe. Tope likizidi, fundi makini hujua kwamba mahali fulani kuna ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele au mkamuaji asiyenawa mikono. Hata hivyo isidhaniwe kwamba maziwa yaliyosafishwa hivyo ni salama. Bakteria wengi ni wadogo mno kuondolewa na mashine ya kawaida, na maziwa hayo bado yanahitaji kupashwa moto, kwa mfano nyuzi 72 kwa sekunde 15, kama viwanda vifanyavyo.

Katika mkoa wa Tanga elimu hii si ya vitabuni tu. Tangu katikati ya miaka ya 1980, kwa ushirikiano wa Tanzania na Uholanzi, wafugaji wadogo wa mkoa huo walihimizwa kufuga ng'ombe wa maziwa wa machotara. Vyama vyao vya ushirika vikaungana katika chama kikuu cha TDCU, na katikati ya miaka ya 1990 ikazaliwa kampuni ya Tanga Fresh, ambayo hununua maziwa yao. Kiwanda kinachopokea maziwa ya wafugaji wengi hukutana na tatizo ambalo mfugaji mmoja hana. Maziwa ya ng'ombe wa asili huweza kuwa na mafuta asilimia 5 au zaidi; ya machotara wa Kifrisia mara nyingi hayafiki asilimia 4. Mnunuzi wa paketi dukani anataka maziwa ya leo yafanane na ya jana. Dawa yake ni kuyatenga mafuta kwa sentrifuji, kisha kuyarudisha kwa kipimo kilichokusudiwa. Malai yanayozidi ndiyo yanayofanywa siagi na samli, na samli, tofauti na maziwa, inaweza kusafirishwa hadi Mombasa au Unguja bila ya barafu.

Hatari ya gramu 10

Nguvu inayotenganisha maziwa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuvunja mashine. Ukingo wa bakuli lililotajwa hapo juu huenda kwa mwendo wa kilomita 226 kwa saa, na kila sehemu ya chuma chake hutaka kuruka nje. Tena, tuseme mhudumu hakulisafisha bakuli vizuri, na gramu 10 za tope kavu zimebaki upande mmoja. Gramu 10 ni uzito wa vijiko viwili vya maji. Zikizidishwa mara 4,000 huwa kilo 40, na kilo 40 hizo hulivuta bakuli upande huu na upande huu mara 100 katika kila sekunde. Fani za mashine haziwezi kustahimili hali hiyo kwa muda mrefu.

Kwa sababu hiyo sahani za sentrifuji huwa na namba, na lazima zirudishwe kwa mpangilio wake kila zinapooshwa. Ni kazi ya kuchosha, hasa zinapokuwa dazeni kadhaa na maji ya moto ni ya kuni. Mashine nyingi zilizokufa katika vituo vya vijijini hazikufa kwa uzee; zilikufa kwa sahani iliyopotea, mpira wa kuzuia kuvuja usiopatikana dukani, au nati ya bakuli iliyokazwa kwa nyundo. Yeyote anayepanga kununua sentrifuji kwa ajili ya kikundi cha wafugaji angefanya vyema kuuliza bei ya vipuri kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Tui na kuni

Kutoka Tanga mjini kuelekea kusini hadi Pangani, na kaskazini hadi Moa na mpaka wa Kenya, mnazi unaonekana kila mahali. Tui la nazi ni ndugu wa maziwa: vitone vya mafuta ndani ya maji, vikizuiwa kuungana na utando mwembamba wa protini. Mama anayetengeneza mafuta ya nazi hukuna nazi, hukamua tui, huliacha usiku kucha, huengua tui zito lililopanda, kisha hulichemsha kwa saa nyingi mpaka maji yakauke na mafuta yabaki na machicha ya rangi ya kahawia. Katika kazi hiyo mvutano wa dunia hufanya sehemu ya kwanza bure. Sehemu ya pili hufanywa na kuni, nazo si bure hata kidogo, na ukanda wa mikoko wa pwani hiyo unalijua hilo.

Sentrifuji huweza kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya kuni. Tui likizungushwa, tui zito hujitenga kwa dakika chache badala ya usiku mzima, na maji mengi huondoka kabla ya chungu kuwekwa motoni. Utando wa protini ukivunjwa kwa kupozwa na kupashwa joto tena, au kwa kuchachushwa, mzunguko wa pili hutoa mafuta yenyewe, meupe na yenye harufu ya nazi, bila ya kuchemshwa kabisa. Fundi akumbuke tu kwamba mafuta ya nazi huganda yanapofikia nyuzi 24 au 25. Asubuhi za mwezi wa Julai huganda chupani hata Tanga, na mafuta yaliyoganda hayatiririki kati ya sahani.

Walimu wa shule wanaweza kuonyesha kanuni hii bila ya mashine. Chupa ndogo ya plastiki yenye robo lita ya tui jipya ifungwe imara shingoni kwa kamba ya urefu wa mita moja, na chupa nyingine kama hiyo iachwe mezani. Katika uwanja ulio wazi, wanafunzi wengine wakiwa mbali, mwanafunzi mmoja aizungushe chupa ya kwanza kichwani pake mara mbili kwa sekunde, wakipokezana hadi dakika 10 zitimie. Uzito wa tui katika mzunguko huo huwa mara 16 ya kawaida, na dakika 10 hizo ni sawa na kungoja saa 2 na dakika 40. Chupa isimamishwe taratibu, kisha zilinganishwe. Tui zito litakuwa limekusanyika upande wa shingo, yaani upande wa mkono uliozungusha.

Utomvu wa Muheza

Ikiwa maziwa yanaonyesha faida ya sentrifuji, mpira unaonyesha ulazima wake. Wilaya ya Muheza ina historia ndefu na zao hili. Wakati wa utawala wa Wajerumani ilipandwa mipira ya aina ya Ceara katika mashamba mengi ya Tanga, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913 kwa kushindwa na mpira wa Asia ya Kusini-Mashariki. Baadaye, ili kukidhi haja ya kiwanda cha matairi cha Arusha, ulipandwa mpira wa aina ya Hevea, ambao ndio wa mashamba ya Asia, katika shamba la Kihuhwi wilayani humo.

Utomvu unaotoka katika gome la mti huo una mpira kiasi cha asilimia 30 hadi 40. Unaobaki ni maji hasa. Tofauti ya wiani kati ya mpira na majimaji yake haiko mbali na ile ya maziwa. Lakini chembe za mpira ni ndogo zaidi, nyingi zikiwa na kipenyo cha chini ya mikromita moja. Chembe ya nusu mikromita ni ndogo mara nane kuliko kitone chetu cha maziwa, na kwa hiyo huenda polepole mara 64. Ingehitaji zaidi ya siku moja kupanda milimita moja, na kupanda sentimita 10 ingechukua miezi minne, ikiwa mtikisiko wa asili wa molekuli za maji utairuhusu kupanda kabisa. Na utomvu usiotiwa amonia huganda kwa muda wa saa chache.

Kwa ajili ya matairi, kuganda huko si tatizo. Utomvu hugandishwa kwa makusudi kwa kutiwa asidi, ukafanywa mashuka na kukaushwa. Lakini glavu za hospitali, mipira ya kondomu na chuchu za chupa za watoto hufanywa kwa kuchovya kalibu ndani ya utomvu ulio maji, nao lazima uwe mzito, wenye mpira asilimia 60. Utomvu huo wa asilimia 60 hupatikana duniani kote hasa kwa sentrifuji. Nchi inayokamua utomvu na kuugandisha wote, kisha ikanunua glavu kutoka nje, inalipia kwa fedha za kigeni mzunguko ambao haikuufanya nyumbani. Hii si kusema kwamba kiwanda cha glavu kinaweza kusimama juu ya shamba dogo. Mashine za utomvu ni za gharama na hutaka malisho ya kila siku. Lakini hesabu hiyo inastahili kufanywa kwa kalamu na karatasi.

Pale sentrifuji isipofaa

Si kila kitu kinachozungushwa hutengana kwa wiani. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilijulikana kwa miwa yake. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Sukari ya siku hizo ilipikwa vyunguni. Katika viwanda vya sasa, kama kile cha TPC huko Arusha Chini, upande wa juu wa bonde hilo hilo, sukari iliyopikwa hutiwa katika sentrifuji ambayo bakuli lake lina matundu. Molasi hupenya matundu na kutoka, chembe za sukari hubaki ndani. Huko ni kuchuja kwa nguvu, kama vile kukung'uta nguo iliyofuliwa, na mashine yake haiwezi kutenga malai.

Mkonge nao unatoa onyo la namna nyingine. Katika kila tani ya majani yanayoingia katika mashine ya kuchambua, singa ni asilimia 4 hivi tu. Mengine yote ni nyama ya jani na maji ya kuoshea, ambayo kwa miaka mingi yalimwagwa. Katika miaka ya 2000 ulijengwa Hale mtambo wa kufanyia gesi kutokana na mabaki hayo. Mtu anaweza kufikiri kwamba sentrifuji ingefaa kutenga mabaki kutoka katika maji. Lakini vipande vya nyama ya jani vimejaa maji, na wiani wake unakaribiana sana na wa maji yenyewe. Tofauti ikiwa sifuri, kuizidisha mara 4,000 hakusaidii kitu. Vipande vyake vikubwa, kwa upande mwingine, huzuiwa na chekecheo la kawaida, mchanga huzama wenyewe katika bwawa kwa dakika chache, na singa fupi zingeziba nafasi kati ya sahani siku ya kwanza. Zipo sentrifuji za kulala zenye parafujo ndani, zilizobuniwa kwa matope mazito, ila gharama yake ni kubwa.

Kipimo cha kwanza kabisa hakihitaji fedha. Chota mchanganyiko katika gilasi na uuweke mezani. Ukijitenga kwa saa moja, jenga bwawa. Ukijitenga kwa siku moja au siku tatu, na siku hizo huna, sentrifuji inafaa kufikiriwa. Usipojitenga hata kidogo, mpeleke mkemia kabla ya kumwita muuza mashine.

Kifungo na uzi

Damu pia ni mchanganyiko wa namna hii. Seli nyekundu zina wiani wa 1.1 hivi, na majimaji yake 1.03 au pungufu. Tone la damu katika mrija mwembamba wa kioo, likizungushwa dakika tano kwa uzito wa mara 10,000 au zaidi, hujipanga: seli chini, majimaji ya manjano juu. Daktari hupima urefu wa sehemu nyekundu. Kwa mtoto mdogo mwenye malaria, sehemu hiyo ikiwa chini ya asilimia 15 ya mrija, ana upungufu wa damu wa hatari na huenda akahitaji kuongezewa damu. Katika ukanda kama wa Muheza, ambako malaria imechunguzwa kwa miongo mingi, kipimo hicho kidogo kimeamua mengi.

Mashine yake, hata hivyo, hutaka umeme. Mwaka 2013 mtaalamu Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford alipotembelea vituo vya afya nchini Uganda, alikuta sentrifuji inatumika kuzuia mlango usijifunge, kwa kuwa umeme haukuwapo. Miaka minne baadaye, yaani mwaka 2017, yeye na wenzake walitangaza sentrifuji ya karatasi na uzi yenye bei ya senti 20 za Kimarekani. Mfano wake ni mchezo ambao watoto wengi wa pwani wameuchezea: kifungo kikubwa kilichopitishwa uzi katika matundu mawili, kikavutwa na kulegezwa mpaka kikavuma. Kifaa hicho kilifikia mizunguko 125,000 kwa dakika na uzito wa mara 30,000, kikatenga damu kwa dakika moja na nusu.

Kifaa cha uzi hakiwezi kutenga zaidi ya tone la damu, na mfugaji asitarajie kukitumia kwa ndoo yake. Yeye ana mashine ya mkono, ambayo ni ya zamani kuliko umeme wa vijijini na bado inatengenezwa. Mpini huzungushwa mara 60 hivi kwa dakika, na gia hulizidishia bakuli mwendo huo mara 100 au zaidi. Mashine nyingi za aina hiyo za zamani ziliwekwa kengele ndogo penye mpini. Kengele hulia kila mpini unapozunguka, maadamu mwendo haujatosha. Mkono ukifikia kasi inayotakiwa, kengele hunyamaza, na hapo ndipo bomba la maziwa hufunguliwa.